Betri ya Gari la Mama Yako

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya gereji.
Alhamisi, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Salamu nyingi. Kifua kimepona? Unakula, au bado ni chai kavu na kukimbia? Mimi goti ndilo linanisumbua, mdomo uko salama. Leo ni siku ya mama yako kusafishwa damu kwa mashine hospitali, na mjomba wako wa kumwendesha bado anaoga. Naandika ili niache kuzunguka hili gari kama kuku anayetaka kutaga.

Umeme hatuna wiki ya tatu sasa, transfoma ya mtaa imeungua. Simu zote tukawa tunachajia ndani ya gari. Ulisema utapiga Jumapili. Nikachomeka simu yangu, nikaacha ufunguo wa gari umewashwa, nikangoja usiku kucha. Hukupiga. Jumatatu asubuhi gari likasema "ke", likanyamaza, betri imekwisha. Tulipolisukuma hadi likawaka, mashine ya mama yako hospitali walishampa mgonjwa mwingine. Akangoja mpaka kesho yake, miguu imevimba hata kandambili zangu hazikumwingia. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, ningepata usingizi.

Fundi Spana wa gereji aliijaza betri kwa jenereta yake, akasema imezeeka, inataka kulishwa na jua kila siku. Basi jana nilifika duka la sola kabla mwenyewe hajafungua. Akanitolea kidude cha kukunja kama kitabu. "Bibi, hiki kinachaji simu, redio, mpaka gari!"

"Vizuri. Nitakaa kwenye kiti chako hiki mpaka kiwashe gari, nikione kwa macho."

Akaanza kukohoa. Nikamwita Spana. Akakigeuza, akacheka. "Hiki cha simu tu, bibi, hakina hata vibanio vya betri. Cha gari ni kile kipana, chenye vibanio viwili, chekundu na cheusi, na kisanduku cha kuzuia betri isizidishiwe umeme. Nacho kinalisha pole pole, hakifufui maiti."

"Lakini kile hakina tundu la simu," akasema mwenye duka.

Nikaifunga simu yangu kwenye pindo la khanga. Nikachukua kipana.

Kiko juu ya paa la nyumba tangu jana, waya umeshuka hadi kwenye betri, na nimeshapanda ngazi mara nne kukifuta vumbi, goti likipiga kelele. Atakayeingia na waya wa simu ndani ya gari lile nitamkata vidole, nikianza na vyangu. Simu yangu imezimika, iko kabatini chini ya mashuka.

Mjomba wako ametoka. Shati kafunga vifungo kombo, mtu mzima yule. Mama yako ameshaingia garini, vibanio nimeshavitoa. Ngoja.

Limewaka! Mara moja tu! Wamepita getini, mama yako hata kugeuka hakugeuka, anaangalia mbele. Nimekaa chini sasa.

Sikiliza basi. Usinipigie, na hadithi za kwa nini hukupiga Jumapili sizitaki. Jumatatu nataka uwe kwenye kiti cha nyuma, umshike mama yako mkono. Kati ya simu yako na gari la mama yako, mimi nimeshachagua. Zamu yako.

Msalimie mkeo, na kile kitoto chenu kibusu tumboni. Shangazi yako mshonaji mwambie gauni limenibana, asiseme nimenenepa. Mungu akufungulie njia, akuzidishie afya, na haya kidogo.

Bibi yako anayekupenda hata akikugombeza.