Sabuni, Nyuki na Lenzi ya Vioo

Kiboko, Jumamosi

Mama, hujambo? Na kuku wako huko Mwingi? Mimi nimefurahi mpaka kalamu inaruka! Leo nimempiga picha ndugu yako akirina asali, nami niko ng'ambo ya mto mkavu wa mchanga!

Unaikumbuka ile lenzi uliyoicheka ukasema ni kopo la uji? Ndani ina vioo vinavyorushiana picha, kwa hivyo ni fupi lakini inavuta mbali ajabu. Shida yake ni kwamba inataka jua kali, na Mjomba hurina jioni. Nikambembeleza mpaka akakubali saa nne asubuhi. Kisha akaninusa.

"Umeoga na sabuni ya maua? Nyuki watatumaliza! Vuka mto!"

Nikavuka, nikalenga. Mama, niliona nyuki wakitembea kwenye nyusi zake! Na nyuma yake, kila kipande cha jua kilichopenya majani kiligeuzwa pete na vile vioo, kama bangili zako zimetundikwa mtini.

Baadaye akaniletea sega, akataka kuchungulia. Alipoona doa jeusi lililo katikati ya uso wa lenzi alisema ina mtoto wa jicho. Lakini aliendelea kutazama. Akaigeuza upande wa Mwingi.

"Inaweza kufika kwa dada yangu?"

Nikamwambia haifiki.

"Basi mwambie aje mwenyewe. Lakini asioge na hiyo sabuni yako."

Panda basi, Mama. Asali yako nimeificha.

Mwanao,
Mutua