Sanduku la Barua Lililosema Utarudi Jumatatu

Mbulu mjini,
Jumatatu asubuhi, mwezi wa Novemba.

Mwalimu Tluway,

Shikamoo.

Nimeandika hiyo shikamoo halafu nikasubiri kidogo, kwa mazoea. Wewe ulikuwa huishii kwenye marahaba. Ulikuwa unauliza habari za Nambis, habari za mama yangu, habari za yule ng'ombe wetu mwenye pembe iliyovunjika, habari za mvua, ndipo unaniuliza nimefuata nini. Siku ya kwanza nilipokuja kufagia ofisi hii nilidhani wewe ni mzee asiye na kazi. Baadaye, ulipoanza kunifundisha kompyuta, nikajua kwamba ndivyo ulivyokuwa unafanya kazi.

Naanza na habari njema ili usome ukiwa umetulia. Seva ni nzima. Barua pepe zinatoka na zinaingia, na matawi yote ya ushirika wetu, Nambis, Balangdalalu na Dirma, yanazipata. Lakini wiki iliyopita ilibaki kidogo tu izimwe moja kwa moja, na waliokaribia kuiua ni watu wawili: mimi na wewe. Usikasirike. Nitaeleza yote.

Unakumbuka siku ulipokwenda hospitali. Ulikuwa umevaa sweta mbili na bado unatetemeka, lakini ulikataa kupanda gari kabla hujaweka jibu kwenye sanduku lako la barua, ili mtu akikuandikia ajibiwe na seva yenyewe. Uliandika maneno machache tu: "Nipo hospitali kidogo. Nitarudi Jumatatu." Nilikuwa nimekushikia mfuko wako wa nguo. Jumatatu ilipofika tulikuwa Nambis, tunakuzika.

Baada ya hapo hakuna aliyegusa kitu chako. Koti lako lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Mfagiaji mpya alikuwa analizunguka kama mtu aliyesimama. Na sanduku lako la barua nalo tuliliacha lilivyo, kwa sababu ukoo wako ulikuwa haujakaa, na vitu vya marehemu havishikwi kabla ukoo haujakaa. Hakuna aliyetuambia. Tulijua tu.

Sasa, Anjelina, yule sekretari wa tawi la Nambis, alikwenda likizo ya uzazi. (Amepata mtoto wa kike, wote wazima.) Aliniomba nimwekee jibu kama lako. Nikafungua mpangilio uliouandika wewe, nikaunakili, nikabadilisha maneno tu. Nilijisifu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila wewe kusimama nyuma yangu ukinong'ona, "Polepole, binti Nambis, herufi hazikimbii."

Siku ya mwisho, jibu lake likiwa tayari limewekwa, Anjelina aliandika barua moja ya kuaga wafanyakazi wote. Kwenye orodha na wewe ulikuwepo bado. Nani angekutoa?

Barua yake ikafika kwako. Sanduku lako likamjibu kwamba utarudi Jumatatu. La kwake likakujibu kwamba yeye yupo likizo ya uzazi. La kwako likajibu kwamba utarudi Jumatatu. Unawajua wale wazee wa kwetu wawili wanaosindikizana: huyu anamfikisha mwenzake hadi mlangoni, yule anaona si adabu mgeni arudi peke yake, naye anamsindikiza, na giza linawakuta bado wapo njiani. Ndivyo mlivyokuwa, wewe na Anjelina, usiku na mchana. Na kila jibu lilibeba ndani yake barua zote zilizolitangulia, kwa hiyo kila lililokuja lilikuwa nene kuliko la nyuma yake.

Sanduku la Anjelina lilikuwa na kikomo, kama tulivyowawekea watu wote wa matawi. Lilipojaa, seva ikaanza kukurudishia barua zako na taarifa kwamba huko hakuna nafasi. Ukaijibu hata taarifa hiyo, kwamba utarudi Jumatatu. La kwako halikuwa na kikomo. Nani angemwekea Mwalimu kikomo?

Haya yote sikuyajua siku ile barua zilipoacha kwenda, Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilichojua ni kwamba simu inalia. Gidamis, bwana mifugo wetu wa Dirma, ndiye alikuwa wa kwanza. "Paskalina, barua yangu ya kuomba chanjo imerudi mara tatu. Ng'ombe hawasubiri kompyuta. Au nimtume punda?" Nikamwambia asubiri kidogo. Akasema, "Punda ameshaanza kutandikwa."

Halafu akaja Meneja. Alisimama mlangoni pa chumba chetu, akaitazama seva na kile kitenge chake cha kuzuia vumbi, akasema, "Mimi si mtu wa kompyuta, lakini kitu kilichokufa nakijua." Alinipa hadi Ijumaa saa sita mchana. Ikishindikana, kazi yote inapewa kampuni ya Arusha, na hii mashine inakwenda stoo pamoja na magunia ya mbegu. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliniuma. Ungejisikiaje, Mwalimu, miaka yote ile uliyoihangaikia iwekwe kwenye kona, na panya?

Nikaogopa, na kwa kuogopa nikafanya kila ulichonikataza. Niliizima nikaiwasha. Nilichomoa waya nikachomeka tena, zote. Nilifungua mipangilio nikabadilisha huku, isiposaidia nikabadilisha na kule, bila kuandika mahali nilichobadilisha. Jumanne yote ikaisha hivyo. Jumatano asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ile ya kwetu inayoingia hadi kwenye kucha, na vidole vyangu vikawa havibonyezi. Nikapeleka mikono nyuma ya seva, pale inapotoa pumzi ya joto, kama tulivyozoea kuota joto wote wawili miezi ya Juni na Julai, wewe upande wako na mimi upande wangu, kikombe cha chai juu ya kabati.

Nikiwa nimeinama pale nikakusikia. Si kwa masikio. Nilikumbuka tu ulivyokuwa unaniuliza kila nilipokimbilia kosa: "Umeisalimia?"

Sikuwa nimeisalimia. Nilikuwa nimeivamia.

Nikachukua daftari lako, lile la jalada la bluu lenye doa la chai. Ukurasa wa kwanza mwandiko wako uko pale pale: "Umeme upo? Waya umeshika? Inaitika? Ina nafasi? Foleni ikoje? Ndipo uulize inaumwa nini." Nikakaa chini, nikarudisha kwanza mipangilio yote ilivyokuwa, kutoka kwenye nakala yako. Kisha nikaanza upya, polepole, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Umeme upo. Waya umeshika. Niliiita kutoka kompyuta yangu, ikaitika. Nikaiuliza habari za nafasi.

Haikuwa nayo. Diski ilikuwa imejaa kama gunia la mbaazi lisiloshoneka mdomo. Seva haikuwa imekufa, ilikosa tu mahali pa kuweka barua hata moja, iwe ya kuingia au ya kutoka. Nikauliza kilichojaa ni nini, na jina la kwanza kwenye orodha likawa lako. Sikufungua kitu. Vichwa vya barua vilionekana kwa nje, vyote vimefanana, wewe na Anjelina, Anjelina na wewe, kurasa na kurasa. Nilicheka peke yangu hadi mhasibu akaja kuchungulia. Kisha nikalia kidogo.

Nilimpigia Anjelina, nikamwomba ruhusa ya kuondoa jibu lake na kufuta barua zake. Akaniambia kwa utani, "Futa, dada. Kumbe ndiyo maana Mwalimu hakunipongeza." Mtoto alikuwa analia nyuma yake. Lakini sanduku lake lilikuwa dogo. Mzigo wote ulikuwa kwako.

Meneja akasema, "Si ufute tu? Funguo unazo." Ni kweli nilikuwa nazo, ulinipa mwenyewe. Nikamwambia ukoo haujakaa. Naye akatazama koti lako nyuma ya mlango, akaliacha neno hilo, kwa sababu na yeye ni mtu wa hapa hapa. Akasema, "Lakini Ijumaa ni Ijumaa."

Alhamisi nilipanda pikipiki kwenda Nambis kwa mkeo. Mama Filemon alikuwa anapepeta maharage. Nikamsalimu, nikamweleza kadiri nilivyoweza. Kikao cha kugawa vitu vyako kilikuwa kimepangwa Desemba, Filemon akija kutoka Mwanza. Aliniangalia akasema, "Vyote hatuwezi kugawa leo. Lakini kimoja kinachozuia watu tunaweza." Akampigia Filemon simu, naye akakubali. Akatuma mtu kwa mdogo wako Amsi na kwa wazee wawili majirani. Wakakaa kwenye viti nje, nami kwenye kigoda.

Mzee Amsi unamjua. "Hilo sanduku liko wapi? Lete tulione."

Nikasema, "Halionekani, baba."

"Kitu kisichoonekana kinagawiwaje? Lina uzito gani?"

"Limejaza seva nzima, baba. Hata barua ya chanjo imeshindwa kupita."

"Basi ni zito," akasema, na wote wakacheka, hata yeye.

Mama Filemon ndiye hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Na humo ndani, bado anaongea?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Anasema atarudi Jumatatu."

Mkono wake ukasimama ndani ya ungo. Nikajuta kusema. Kisha akatabasamu, akasema, "Huyo ni yeye. Hata akienda mnadani alisema anarudi mchana, tunamwona kesho yake." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mwacheni apumzike. Mtu aliyelala hasimamishwi mlangoni kupokea wageni."

Mzee Amsi akatoa neno la ukoo. Koti apewe yeye, kwa kuwa nilikuwa nimeshalitaja mbele yao. Sanduku lishikwe na mimi. Za ofisi nizifanyie kazi, za nyumbani nimpelekee Mama Filemon, zilizobaki nifute. Wakanimiminia maziwa ya mgando kwenye kikombe nikanywa mbele yao. Sijawahi kupewa cheti chochote, Mwalimu, zaidi ya kile cha kidato cha nne. Lakini siku ile nilirudi mjini nimeketi wima kwenye pikipiki.

Ijumaa nilifika mapema. Nikaisalimia kwanza, yote kwa mpangilio. Kisha nikafungua sanduku lako. Za nyumbani zilikuwa tisa, za Filemon, zenye picha za wajukuu wako wakiwa ziwani wamejaa mchanga. Nikazichapisha. Zile za kusindikizana nikazifuta, na nafasi ikarudi, kidogo kidogo, kama maji yanavyopungua mtoni baada ya mvua.

Likabaki lile jibu. Maneno yako yale. Nililiangalia kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Nikachukua kalamu nikayanakili kwenye daftari lako, ukurasa wa mwisho, na tarehe yake. Ndipo nikayaondoa.

Foleni ikaanza kutembea. Nilikaa naitazama ikipungua, barua moja baada ya nyingine, na ya kwanza kutoka ilikuwa ya Dirma. Saa nne Gidamis akapiga. "Imepita! Chanjo zinakuja Jumatano! Umeitengenezaje?" Nikamwambia nimeisalimia. Akasema, "Haya, punda nimemfungua." Meneja alikuja saa sita kamili, akatuma barua moja kwa majaribio, ikajibiwa palepale. Akasema, "Basi. Stoo ibaki na mbegu," akaenda kula.

Sasa kila sanduku lina kikomo, langu na la Meneja pia, na kila jibu la seva linamjibu mtu mara moja tu. Anayekuandikia wewe anapata hili: "Mwalimu Tluway amefariki. Kazi zake zinaendelea kwa Paskalina wa Nambis, aliyefundishwa naye." Nilifikiri kukutumia barua hii kwa anwani yako. Lakini ningejibiwa kwamba umefariki, na hilo nalijua. Kwa hiyo nimeandika kwa kalamu, nitaikunja, niiweke ndani ya daftari la bluu, chini ya kitenge, pale penye joto.

Mama Filemon ameweka picha za wajukuu ukutani. Koti limekwenda kwa Mzee Amsi, linambana mabegani lakini haambiliki. Msumari umebaki mtupu, na mimi sasa natundika sweta yangu hapo.

Leo ni Jumatatu, Mwalimu. Ni Jumatatu ya kwanza ambayo sikugeuka kila mlango ulipolia. Pumzika. Mlango nitausimamia mimi, na nakuahidi kwamba hata kosa liwe kubwa namna gani, na mtu awe amesimama nyuma yangu na saa mkononi, nitasalimia kwanza.

Na huko ulipo, wakikuuliza habari za Mbulu, najua utawajibu kwa utaratibu, mvua, mashamba, ng'ombe, mmoja mmoja. Ukifika kwa watu, nitaje na mimi.

Mwanafunzi wako,
Paskalina