Mama Mkwe Ameshika Bastola, Nami Nashindwa Kumtukana

Mshauri mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo. Nimeshika kalamu kwa sababu Jumamosi hii ndiyo siku ya mwisho ya kupiga picha za filamu yetu, na nikishindwa tena nafasi yangu anapewa muuza nyama wa hapa mtaani, ambaye nasikia ameshaanza kukunja uso mbele ya kioo. Naomba unisaidie kabla siku hiyo haijafika.

Mimi ni fundi makochi, nina mke na watoto, umbo langu ni kubwa na sura yangu Mungu hakuipiga msasa, asiyenijua akikutana nami kichochoroni huhamia upande wa pili, lakini wanaonijua watakwambia sijawahi kugombana hata na paka. Sasa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi na za vitambulisho, aliamua kwamba mwaka huu lazima atengeneze filamu ya mapigano, ya wapelelezi na majambazi wanaogombea hazina iliyofukiwa ardhini, akanitazama mara moja tu akasema, shemeji, jambazi mkuu nimeshampata, wala hahitaji kupakwa chochote usoni. Nikakubali kwa moyo mkunjufu. Bastola zote nimezichonga mimi kwa miguu ya makochi mabovu nikazipaka dawa ya viatu, wapelelezi ni waendesha pikipiki walioazima miwani ya jua ambayo haiwatoshi wote, kwa hiyo mmoja akitoka kwenye picha humvulia mwenzake haraka haraka, na hazina yenyewe ni sanduku la bati lililojaa vitasa vya milango tulivyovisugua mpaka vikang'aa.

Mkuu wa wapelelezi alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya jirani, na kwenye mazoezi tulielewana sana, nilimtukana, nikamsukuma shimoni, akaanguka kwenye sponji nililoleta kutoka karakana, akainuka akanizaba kofi na kunifunga pingu, watu wote wakacheka na kushangilia. Kabla hata kamera haijawashwa mwalimu akahamishwa kikazi. Tukabaki tumeshika tama uani kwa mama mkwe wangu, maana shimo la hazina liko huko kwake nyuma ya nyumba, na mama mkwe, ambaye ni muuguzi mstaafu, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko anamenya viazi huku anatuangalia. Akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akachukua bastola mkononi mwa mwanawe akasema, "Nipe hiyo. Mimi nimewachoma sindano wanaume wakubwa kuliko huyu."

Mshauri, mama yule anaigiza, wallahi sisemi uongo. Akivaa lile koti jeusi la marehemu baba mkwe hata wale waendesha pikipiki wanasimama wima bila kuambiwa.

Tatizo ni mimi. Maneno yangu kwenye pambano la mwisho ni haya: "Rudi kitandani, kikongwe wewe. Hazina hii si ya watu wa kunywa uji." Halafu namsukuma. Basi shemeji akasema haya anza, mama mkwe akatokea nyuma ya tangi la maji na bastola yake, macho makali, na mimi mdomo ukafunguka wenyewe nikasema, "Shikamoo mama." Naye kwa mazoea akajibu, "Marahaba mwanangu," bastola bado kanielekezea. Watu wakaanguka kwa kicheko. Tukarudia, nikasema, "Mama, naomba ukapumzike kidogo." Tukarudia tena, nikafika karibu kabisa na lile neno kikongwe, sauti ikakatika, na wakati wa kumsukuma nikamshika mkono nikamteremsha shimoni polepole asije akateleza. Shemeji akatupa kofia chini akasema hajawahi kuona jambazi anayemsaidia mpelelezi kushuka shimoni.

Usinicheke. Nilipokwenda kuposa, mama huyu alinikataa, alisema mwenye sura kama hii hawezi kuwa na jema, na miaka yote hii nimejenga heshima yangu kwake tofali kwa tofali, siketi mpaka aniambie keti, sipandishi sauti mbele yake, nikila kwake hata mfupa siuguguni. Leo niibomoe kwa neno moja mbele ya kamera, na watu waliangalie neno hilo miaka na miaka? Tena tangu siku ile amenuna. Hanisemeshi, salamu zake zinaletwa na wajukuu, na alichoniambia wakati naondoka ni hiki tu: "Mwalimu ulimtukana vizuri." Nadhani ameona aibu kwamba nilikaribia kumvunjia heshima. Mke wangu nikimuuliza anasema, "Wewe na mama yangu malizaneni, mimi simo." Je, nimwachie muuza nyama nafasi nilinde ukwe wangu, au nifanyeje?

Ni mimi,
Jambazi asiye na ujambazi

*

Jambazi wangu,

Umeniambia nisikucheke na umechelewa. Barua yako nimeisoma nikiwa nakunywa chai, chai ikapita njia isiyo yake, wenzangu ofisini wakaja kunipiga mgongo. Sasa nimepona, tega sikio.

Wewe ni mtu mwema, hilo halina ubishi. Lakini wema wako una macho mabovu. Umeandika kila kitu kwa mkono wako mwenyewe na hukuona hata kimoja. Mwanamke amekatiza viazi vyake akachukua bastola bila kuombwa. Ametoa ua wake shimo lichimbwe. Amefungua sanduku akatoa koti la marehemu mumewe, koti ambalo nina hakika halitolewi ovyo, akalivaa ili apambane na wewe. Halafu wewe unamteremsha shimoni kama mgonjwa anayetoka kitandani. Baba, huyo ndiye muuguzi. Wagonjwa anawajua kuliko wewe.

Na lile neno alilokuambia ukiondoka, hebu lirudie polepole. Mwalimu ulimtukana vizuri. Mtu aliyeogopa kutukanwa hasemi hivyo. Anasema hivyo mtu aliyeona mwenzake kachezewa mchezo mzima, yeye kapewa nusu. Mama yako hakununa kwa sababu ulikaribia kumtukana. Amenuna kwa sababu ulirudi nyuma.

Nikwambie jambo ambalo wakwe zangu hawalijui. Mimi pia ni mama mkwe. Wananiheshimu mpaka nachoka. Nikiingia, redio inapunguzwa, aliyekuwa anacheka anakohoa, kiti kizuri kinafutwa vumbi nakalishwa pale peke yangu kama picha ukutani. Nikisema neno la kijinga wananijibu "ndiyo mama". Nashukuru, heshima ni kitu kizuri, sitaki waiache. Lakini nikirudi kwangu huwa najiuliza ni lini mara ya mwisho mtu alinitania. Sikumbuki, na inaniuma. Mtu akizeeka, meno si ya kwanza kumtoka. Wa kwanza kumtoka ni watu wa kucheza nao. Mama yako amempata mmoja, mkubwa kama kabati, ana bastola ya mguu wa kochi, na huyo mmoja anamwamkia.

Kwa hiyo nafasi humpi muuza nyama, na ukimpa usiniandikie tena. Mama yako akitukanwa na muuza nyama hapo ndipo atakapotukanwa kweli, kwa sababu hayo yatakuwa matusi ya mtu baki, na mkwewe kakaa pembeni anamwonea huruma.

Utafanya hivi. Kabla ya Jumamosi nenda kwake mwenyewe, bila mkeo, bila shemeji yako na kofia yake. Mwamkie kama kawaida yako, subiri akwambie keti, kisha useme bila kuzunguka: "Mama, nimekuja kuomba ruhusa nikutukane." Mweleze ulichokuwa unaogopa, pamoja na ile habari ya kukataliwa kwenye posa, maana hiyo umeibeba muda mrefu na nadhani yeye alishaisahau au imeshamwaibisha. Ukishapewa ruhusa fanyeni mazoezi pale pale jikoni, mrudie mpaka neno litoke bila kukukwama. Akikurekebisha, kubali. Sponji liwe nene, weka mawili, na uyakague kwa mkono wako kabla hajasimama ukingoni. Heshima yote uliyo nayo imwage hapo kwenye sponji, si kwenye maneno. Usiongeze tusi ambalo halijaandikwa, najua wanaume mkishapata moto hamzimiki. Kofi likija, lipokee lote, wala usifumbe jicho kabla halijafika. Na mwambie shemeji yako shimo lifukiwe siku hiyo hiyo, yeye mwenyewe na koleo, asiwaachie waendesha pikipiki.

Ukisimama mbele ya kamera ukamwona anatokea na macho yale makali, jikumbushe hili moja. Mkwe mwenye adabu anaye tayari, ana miaka naye na ameridhika naye. Jumamosi anatafuta jambazi.