Soksi ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Chai. Kazini Kilimani, mapokezi. Kutwa nzima nachekea watu wanaouliza choo kiko wapi. Nimechoka na meno yangu.

Tangu nirudi kutoka Malawi sioni raha ya kazi hii. Kule nilijitolea, nikizunguka vijijini na nesi Chikondi kuwaona wagonjwa majumbani mwao. Ndiko nilikojua nataka unesi. Chuo kimenikubali, naanza Mei. Baba hataki kusikia. Eti alinisomesha biashara, sasa nikaoshe watu?

Nyumba inanuka gambuti zake za zizini. Tumemcheka sote, mimi wa kwanza. Mama amezitoa nje.

Alhamisi, 6 Machi
Gambuti bado ziko nje. Harufu bado iko ndani.

Naijua harufu hii. Sitaki kuiandika.

Ijumaa, 7 Machi
Ni kidonda. Nimeandika, basi.

Baba ana sukari miaka mingi. Chikondi akifika kwa mzee mwenye sukari, kabla ya dawa, kabla ya maswali, alipiga magoti na kumwomba avue viatu. Miguu yao hufa ganzi, mtu anaumia na hajui. Nimeshika nyayo za wazee wa kijiji kizima. Za babangu sijawahi kuziona. Hapa Uthiru, kwetu, binti hamvui babake soksi.

Leo baada ya chakula nimepiga magoti mbele yake. Akavuta mguu kama nimemchoma.

"Wacha hiyo maneno, Wangui. Mimi si mgonjwa wako wa Malawi."

Mama akanifuata jikoni, akasema nisimwaibishe babangu. Nimeosha vyombo nikilia. Nina hasira nao wote wawili.

Jumapili, 9 Machi
Hakwenda kanisani. Homa, anatetemeka, anaongea na ng'ombe ambao hawako chumbani. Sikuomba ruhusa tena. Soksi ilikuwa imegandana na nyama. Nimeilowesha, nikaitoa polepole, akanitazama tu. Hakusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo lililonitisha.

Kidole cha mwisho cheusi. Weusi umepanda hadi juu ya kifundo. Mama ameketi sakafuni.

Tumempeleka hospitali kwa gari la jirani. Daktari anasema huenda alikanyaga msumari zizini, wiki nyingi zilizopita. Anasema pia mguu hauwezi kuokolewa. Kesho.

Jumatatu, 10 Machi
Wamekata. Chini ya goti.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudi kazini. Nimechekea watu.

Unesi gani huu wangu? Nilivuka mipaka kwenda kuinamia miguu ya wageni, na wa nyumbani unaoza chini ya meza tukila ugali. Najichukia. Chuo wabaki nacho. Nimemwambia Mama siendi. Alikuwa anafua ile soksi. Moja. Sijui anaifulia nini.

Jumamosi, 15 Machi
Nimempelekea uji wodini. Hajaongea tangu wamkate, hata na kasisi. Mama ametoka kununua maji.

Baba akatoa mguu uliobaki nje ya blanketi. Macho dirishani.

"Angalia na hii."

Nimepiga magoti. Nimevua soksi. Nimeangalia unyayo, kisigino, katikati ya vidole. Kisigino kimepasuka kidogo, basi. Nikamwambia ni mzima. Nikachukua beseni, nikauosha.

"Hao wazee wa Malawi," akasema, "watoto wao walikuwa wapi?"

Nikasema wengi walikuwa mjini, kazini.

Nimeukausha mguu, kidole kwa kidole, nikamvisha soksi.

Nesi wa zamu alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikasema bado, naanza Mei.

Baba alisikia. Aliomba uji.