Jasmini ya Ndooni

Kashojwa, Nakivale

Kaka yangu mpenzi Anatole,

Pokea salamu zangu na za binti yangu Doriane. Mnaendeleaje huko Ngozi? Goti la wifi limepona? Sisi tu wazima, ila vumbi limetukausha koo. Ujumbe wako nimeupata, kwamba unataka kuiezeka upya nyumba yangu kabla ya mvua na unangoja niseme narudi lini. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya jasmini. Usicheke kwanza.

Unaukumbuka ule mmea wa Mama pale dirishani? Kila Jumamosi alichuma maua meupe akayafukia katikati ya nguo zetu za misa, na Jumapili wenzetu wakatuita watoto wa askofu. Jamani, nimeitamani harufu ile miaka yote hii! Nilipokimbia nilifunga kijiti chake kwenye kitambaa kilicholowa, kikashika huku, ndani ya ndoo. Majani mabichi mwaka mzima, lakini ua hakuna.

Sisi wakimbizi Warundi wa hapa Uganda ndivyo tulivyo. Maharagwe tunapanda ardhini kwa kuwa huvunwa upesi. Kitu cha kudumu tunakipanda ndooni, maana siku yoyote tutarudi. Jirani yangu, mzee Herménégilde, ameubana hata mparachichi ndani ya pipa, nasi tunamtania kwamba atakodi lori.

Mwaka huu majani ya jasmini yangu yakageuka manjano. Nikaipakia ndoo kwenye basi hadi mjini Mbarara, kwa Kellen, muuza miche wa mtaa wa Ruti ambaye mumewe ni askari. Akaipindua, akanionyesha mizizi iliyojisokota ikakosa pa kwenda. Akanigombeza kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi: "Mama, unafunga huyu ya nini? Huyu anataka udongo. Atakufa!" Nilirudi nimeipakata ndoo, nikilia njia nzima, na Doriane akiona haya.

Kaka, nimeupanda ardhini, mbele ya mlango. Umeshatoa maua, na nyumba nzima inanukia kama kwa Mama. Lakini nilipokuwa nashindilia udongo nilishajua, na sasa nakwambia waziwazi: sirudi. Nimechoka kuishi kama mtu aliyefunga mizigo. Nyumba iezeke, umpe mwanao Kwizera aoe. Inaniuma kuandika hivi, maana naipenda ile nyumba.

Wasalimie wifi na wote wa parokiani. Usiningoje tena. Njoo wewe, nikukaribishe kwangu.

Mdogo wako,
Bernardine