Kruza Mbili za Kizota

Dada Rehema, shikamoo.

Huku Dodoma kuna vumbi, ila zabibu ni tamu mno. Leo fundi mmoja wa Kizota amenijaribisha kruza mbili, zile pikipiki ndefu za kiti cha chini. Ya kwanza ni ya kampuni ya pikipiki za mashindano. Nilipoongeza mafuta kidogo tu iliruka, nikairudisha papo hapo. Unajua tangu nianguke sijaendesha tena. Ya pili ni ya kampuni tunayoijua kwa bodaboda. Fundi akaniambia, "Hii haina haraka, mama. Nenda nayo mpaka uogope, halafu urudi."

Nimefika Chamwino, dada, na bado sijaogopa. Nakuandikia huku nasubiri mishikaki.

Nibusie watoto, na Mama mwambie mwanawe anaendesha.

Mdogo wako, Zuhura