Miwani ya Mama Nyabise

Musoma, Ijumaa, 1986

Mama Nyabise tena amerudisha ile miwani niliyomtengenezea, ya kuonea mbali na karibu. Nilikasirika kweli, maana lenzi zimeadimika na sijui nyingine nitazitoa wapi.

Kumbe anatundikaga nyavu kwenye boriti, anazishona ametazama juu. Mimi sehemu ya kuonea karibu nimeiweka chini, kama kawaida yetu mafundi miwani. Shingo inamuuma kila jioni.

Bahati fremu ni ya duara. Nikazitoa lenzi, nikazigeuza juu chini, nikazirudisha. Akainua uzi na sindano juu ya kichwa, akautunga mara moja. Tukacheka.

Nikamuuliza, “Na kanisani, mama? Kitabu cha nyimbo utakisomaje?”

“Nyimbo nazijua zote, mwanangu. Matundu ya nyavu ndiyo mapya kila siku.”